NAFASI TUPU SI SIFURI

Mazungumzo ya mmoja wetu kwenye chakula cha jioni cha wanafunzi wa zamani



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya kuandika programu za kompyuta. Badala ya kujisifu, nitaungama kosa.

Mnalikumbuka daftari la alama la mwalimu wetu wa darasa. Aliyepata sifuri aliandikiwa sifuri, kwa wino mwekundu. Aliyekosa mtihani kwa ugonjwa aliwekewa kistari, na wastani wake ukatafutwa kwa masomo aliyoyafanya tu. Sifuri tuliicheka, kistari hakuna aliyekicheka.

Miaka kadhaa iliyopita shule moja ilinipa kazi ya kutengeneza ukurasa wa matokeo kwa lugha ya JavaScript. Ukurasa huomba alama kutoka kwenye seva, nayo seva hujibu. Msichana mmoja alikuwa amelazwa hospitali siku ya mtihani wa jiografia. Masomo yake sita yalikuwa na jumla ya alama 420, yaani wastani wa 70. Penye jiografia seva ilileta neno "null", maana yake hapana kitu hapa. Lakini katika kujumlisha, JavaScript huihesabu "null" kuwa sifuri, tena kimya kimya. Kama seva isingeleta chochote kabisa, jumla ingeharibika yote na kosa ningeliona siku ileile. Basi programu yangu ikagawanya 420 kwa saba, ikatoa 60. Msaada wa karo ulitaka 65. Jina lake likakatwa.

Mama yake alikuja na karatasi ya hospitali mkononi. Aliniuliza, "Baba, sifuri hii binti yangu aliipata lini, naye alikuwa wodini?" Sikuwa na jibu.

Tulishukuru Mungu jina lilirudishwa kabla ya muda kwisha. Nami katika haraka ya kusahihisha nikakosea tena. Niliagiza, kwa alama ya "||", kwamba penye utupu paandikwe "Hakufanya". Kumbe alama hiyo huiona hata sifuri halali kuwa ni utupu! Kijana aliyekuwa amepata sifuri yake kwa haki naye akaandikwa hakufanya, akafurahi sana. Dawa ni alama ya "??", iliyoingizwa rasmi katika lugha hiyo mwaka 2020. Hiyo hushughulika na kilichokosekana tu, sifuri huiacha ilivyo.

Ndugu zangu, mashine haikumdhulumu yule binti. Nilimdhulumu mimi, kwa kusahau nilichofundishwa hapa hapa na mwalimu mwenye kalamu na rula. Wenzangu mnaoshika hesabu za watu, iwe benki, zahanati au shambani, kabla hamjagawanya ulizeni: hii ni sifuri, au ni kistari?