Kifaranga kikiugua, tusikifiche

Maneno ya kamati ya kuku mbele ya mkutano wa wanamemba, Baraka

 

Leo hatukuja na habari ya kupigiwa makofi. Tulinunua vifaranga 120 kule Uvira, tuwagawie wamama 12, kila mmoja 10. Leo viko 70. Hesabu yenyewe ni hii: 9 tulivikuta vimekufa ndani ya katoni, na 41 vilikufa manyumbani katika wiki tatu. Ni vizuri muisikie kwetu sisi, kabla ya kuisikia sokoni.

Munajua kwa nini tulichagua kuku. Tulipovuka ziwa kutoka Kigoma, wengi wetu tulikuta nyumba zimebomoka na shamba linalimwa na mtu mwingine. Mbuzi ni bei, shamba ni maneno marefu ya kwenda kwa chifu. Lakini kuku, hata mjane anayekaa kwa watu anaweza kufuga. Akitaga, daftari la mtoto limepatikana. Kwa hiyo vifaranga 50 vilivyokufa tunavihesabu kama madaftari.

Sasa tueleze ilivyokuwa, kosa kwa kosa, na namna ya kufanya.

Kosa la kwanza ni letu sisi kamati. Kamiyo ilitoka Uvira saa sita mchana. Mvua ilitukamata kabla ya Makobola, tukakwama kwenye matope mbele ya Mboko, tukafika Baraka usiku. Katoni zilikuwa zimefunikwa na shitingi bila nafasi ya hewa. Zile za chini zilikosa pumzi, zile za juu zililowa. Kifaranga kipya kinaweza kukaa siku mbili bila chakula, kwa sababu kinatoka kwenye yai na kiini chake tumboni. Lakini baridi na maji ya mvua hakivumilii hata usiku mmoja. Tulipofika tulimpa kila mama katoni yake gizani, tukasema "kesho tutaonana", tukaenda kulala. Tulipaswa kukaa naye.

Kazi ya usiku wa kwanza ni hii. Kabla vifaranga havijafika, mahali pawe pamepashwa moto tayari. Mbabula ya makala musiiingize kwenye chumba kilichofungwa: moshi wake usioonekana unaua vifaranga, unaua na watoto waliolala humo. Chukua kibido cha manjano, kijaze maji ya moto, kifunge vizuri, kizungushie kitambaa, kiweke katikati ya katoni. Kikipoa, badilisha maji. Mwenye taa ya sola ajue kwamba inaleta mwanga, joto hailete. Kama hauna kipima joto, vifaranga vyenyewe vinasema. Vikisongamana na kulia kwa sauti ya juu, ni baridi. Vikikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi, ni joto kali. Vikitawanyika na kuchokora polepole, uko sawa, nenda ukalale kidogo.

Kisha maji, kabla ya chakula. Maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, lita moja na vijiko viwili vikubwa vya sukari, kwa siku ya kwanza tu. Kamata kifaranga kimoja kimoja, chovya ncha ya mdomo, kitajua chenyewe. Chombo kiwe cha chini na chenye vijiwe ndani, maana kifaranga kinazama hata kwenye kisahani. Kilicholegea musikimiminie maji kooni, yataingia kwenye mapafu. Dondosha tone pembeni ya mdomo, ngoja kimeze, dondosha lingine.

Kosa la pili lilitoka kwenye shitingi ile ile. Sisi watu wa kambi, shitingi ni kila kitu: ni paa, ni mlango, ni mkeka. Wamama wawili waliitandika chini ya vifaranga, na baada ya siku mbili vitatu vilikuwa vimepanua miguu, kimoja huku, kimoja kule, haviwezi kusimama. Watu wakasema ni kulogwa. Sio kulogwa, ni utelezi. Mguu wa kifaranga bado laini, ukikosa pa kushika unaachana. Tandika maganda ya mpunga, au kitambaa chenye kukwaruza. Kama miguu imeshaachana, ifunge kwa kamba laini ya kitambaa kama namba nane, ikae na nafasi ya vidole viwili katikati, usikaze. Angalia kila siku. Kikifungwa mapema, siku tatu au nne zinaweza kutosha. Kati ya vile vitatu, viwili leo vinakimbia. Cha tatu tulichelewa.

Kile chenye kinyesi kilichokauka nyuma na kuziba, lowesha kwa maji ya uvuguvugu na pamba mpaka kilainike, futa, kausha, rudisha kwenye joto. Usivute kikiwa kikavu, ngozi itatoka nayo. Na uangalie vizuri, kitovu kiko chini ya tumbo, usikichokore ukidhani ni uchafu.

Chenye kidonda cha kudonolewa kitolewe hapo hapo, kwa sababu wenzake wakiona damu hawaachi. Osha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo, kisha paka ile dawa ya zambarau ya vidonda. Inakausha, na inaficha wekundu. Kirudi kwa wenzake kidonda kikifunga. Ila kilichovunjika mgongo, hakili, hakinywi, kinalia tu, huyo mtu amwite mwenye kujua kuchinja haraka. Kukiacha kife chenyewe siku mbili si huruma.

Na tetra, wandugu! Karibu kila nyumba tuliyotembelea, mtu alikuwa amefungua kapsuli ya tetra ya binadamu na kuimwaga kwenye maji ya kuku. Kipimo hakijulikani, ugonjwa haujulikani. Kuhara damu, kunakopenda kuja kuanzia wiki ya tatu pale maganda yanapokaa na majimaji, kuna dawa yake, inaitwa amproliamu, na kipimo kiko kwenye paketi. Muulize veterinere kwanza. Tena badilisha maganda, la sivyo unatibu na kuambukiza siku moja.

Sasa tufike kwenye kosa la tatu, lile kubwa.

Munakumbuka sheria tuliyopiga kura hapa hapa: kifaranga kikifa, mama analipa dola moja kwenye sanduku. Tuliona ni akili. Tulisema, mtu akijua atalipa, atatunza. Mama mmoja ametupa ruhusa tuseme yaliyomkuta bila kutaja jina. Vifaranga vyake viwili vilikufa usiku ule wa kwanza. Dola mbili hakuwa nazo. Siku ya tatu tulipita kuhesabu, tukakuta 10, tukaandika 10, tukamsifu. Kumbe alikwenda sokoni akauza kitenge, akanunua viwili vya kienyeji kujaza hesabu. Vile viwili vilikuwa vinasinzia tayari. Alipoona vinahara majani mabichi na shingo zinapinda, alivificha chini ya kitanda nyuma ya beseni, ili sisi tukipita tusivione.

Ilikuwa kideri, mdondo kama walivyouita kule Tanzania. Veterinere wetu anasema pesti. Haina dawa. Ukishaiona, umechelewa, inazuiwa na chanjo tu. Kutoka kwa mama yule iliingia kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, na baadhi ya hao si wanamemba wetu. Ni watu ambao hawakukimbia, waliobaki hapa miaka yote ya vita, wanaotuita bado "wale wa kambini". Kuku wao wakubwa, wenye kutaga, walikufa kwa wiki moja. Mzee mmoja alituletea jogoo wake aliyekufa mpaka kwenye mlango wa ofisi, akamweka chini, akasema: "Hiki ndicho mulichotuletea kutoka Tanzania?" Hatukuwa na jibu. Hakikutoka Tanzania. Lakini kilitoka kwetu.

Tulikaa vikao vitatu. Wengine walisema mama yule afukuzwe. Tukaulizana: kama wewe ungekuwa huna dola mbili, ungefanya nini? Kimya. Hapa kwetu kipindupindu tunakijua. Tunajua kwamba mgonjwa aliyefichwa ndani ya nyumba ndiye anayemaliza mtaa, na kwamba watu hawamfichi kwa ubaya, wanamficha kwa woga wa kusemwa. Kuhusu watu tulilijua jambo hilo. Kuhusu kuku tulilisahau, tukatengeneza woga sisi wenyewe na kuupigia muhuri.

Kwa hiyo kamati inaleta mbele yenu mambo manne, muyapigie kura leo.

La kwanza, faini ya dola moja ife, na waliolipa warudishiwe. Mahali pake iwe hivi: kifaranga kikiugua au kikifa, mama anatuma mtoto kwa mjumbe wa mtaa siku ile ile. Aliyetangaza hadaiwi kitu.

La pili, vifaranga vipya vikae peke yao wiki mbili, mbali na kuku wa nyumbani na wa jirani. Tunataka kujenga kibanda kimoja cha kutenga wagonjwa, nyuma ya ofisi. Anayehudumia aanze na wazima, amalizie kwa wagonjwa, anawe kwa sabuni, avue viatu vya humo. Waliokufa wachomwe au wazikwe shimo refu. Wasitupwe ziwani, wala wasiingie chungu.

La tatu, chanjo. Chupa moja inatosha kuku wengi sana, na ikishafunguliwa haiwekwi kwa kesho. Mtu mwenye kuku watano hawezi kuinunua peke yake, atamwaga sehemu kubwa. Ndiyo sababu ya kuwa na shirika la kusaidiana. Tone moja kwenye jicho la kila kuku mzima, siku moja mtaa mzima, halafu turudie kila baada ya miezi mitatu au minne. Na tukisema mtaa mzima, ni pamoja na wasio wanamemba, kwa sababu kideri hakiulizi kadi.

La nne ni zito, na wengine watanung'unika. Tukitotoa au kununua tena, vifaranga vya kwanza viende kwa zile nyumba za majirani zilizopoteza kuku kwa ajili yetu, kabla ya sisi wenyewe. Yule mzee wa jogoo awe mbele.

Wafadhili wetu, hatuombi dola zingine leo. Tunaomba ruhusa: zile zilizobaki, tulizopanga kununulia vifaranga vya awamu ya pili, zitumike kwa chanjo na kibanda. Mutaona kuku wachache kwenye rapo yetu ijayo. Tunapenda muone wachache wa kweli kuliko 120 wa kuandikwa.

Na wewe mama uliyeuza kitenge, uko hapa, tunakuona. Vifaranga vyako vinne vilivyopona bado ni vyako. Kamati ilihesabu 10, ikaondoka ikicheka, haikuinama kuangalia. Tusamehe na sisi.

Anayetaka kuuliza, aulize. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunaanza kupita manyumbani. Mwenye kifaranga kinachosinzia asikifiche, atuonyeshe.