Miradi Inayotegemeana Isimamiwe Pamoja
(Hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Chama cha msingi chenye shamba la mizabibu, kisima, ghala na gari aghalabu hukiundia kila kimoja kamati yake na mpango wake. Mavuno yanapofika, gari limepelekwa matengenezoni na pampu haina mafuta. Zabibu hazingoji, huoza. Hasara hiyo haitokani na uvivu wa mtu, bali yatokana na miradi iliyo ndugu kusimamiwa kama wageni wasiojuana.

Mkoa wa Dodoma unao ushahidi wake. Mwaka 1973 Serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO. Huko Kondoa makorongo yalikuwa yamekula mashamba. Miti ilipandwa na makinga-maji yakachimbwa, lakini malisho ya mifugo yaliendelea kuidhoofisha ardhi. Mwaka 1979 mifugo ipatayo 90,000 iliondolewa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Majani na miti vikaota tena. Hata hivyo, pamoja na ng'ombe yaliondoka maziwa, samadi na maksai wa kulimia, na mzigo wa malisho ukahamia kwingine. Ilikuwa mwaka 1989 ndipo ufugaji wa zizini ulipoanzishwa: ng'ombe wachache, majani ya kukatwa, na samadi ya kurudishwa shambani. Hivyo hifadhi ya udongo na ufugaji vilikutana baada ya miaka kumi, na miaka hiyo ililipiwa na nyumba za wakulima.

Ili chama kisilipe gharama ya namna hiyo, katibu na kamati wazingatie mambo manne.

Kwanza, miradi ipangwe katika makundi kwa kutazama inayotumia maji, ardhi au gari moja, na ile ambayo mazao ya mmoja ndiyo mahitaji ya mwingine. Mradi usiohusiana na wenzake usilazimishwe kuingia.

Pili, kila kundi liwe na msimamizi mmoja na kalenda moja ya kazi, inayoonyesha nani atatumia gari au maji, na siku gani.

Tatu, kila mradi ubaki na daftari lake la hesabu. Kundi lisigeuzwe pazia la kuficha mradi unaokula faida ya wenzake.

Nne, kabla ya kubadili mradi wowote, mkutano wa wanachama uulize: ni mradi gani mwingine utakaoguswa, na ni nyumba ya nani itakayopungukiwa? Jibu liandikwe katika kumbukumbu pamoja na njia ya kuliziba pengo hilo.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Vidole vikishakuwapo, kazi ya katibu ni kuhakikisha vinakutana.