Somo la Leo: Unywele Chini ya Hadubini

Leo tutajifunza habari za unywele.

Hadubini ni chombo cha kukuzia vitu vidogo mno. Weka unywele mmoja chini yake, utaona magamba membamba yamepangwa kama makuti juu ya paa, kila gamba limelalia jingine. Magamba yakilala sawasawa, unywele huwa laini.

Sasa tazama unywele uliotiwa dawa kali ya kunyoosha mara nyingi, au uliochomwa kwa kitana cha moto. Magamba yameinuka, mengine yamebanduka, na ncha imepasuka.

Je, mafuta ya dukani huuponya? La. Unywele uliokwisha kutoka katika ngozi hauna uhai, wala haupoi kama kidonda. Mafuta huyalaza magamba tu, nao unywele hung'aa kwa muda. Basi usimalize fedha zako kwa ajili ya neno "huponya" lililoandikwa juu ya chupa. Kata ncha zilizopasuka, punguza dawa na moto, kisha ngoja. Nywele mpya huota kadiri ya sentimita 1 kwa mwezi.

Sasa andikeni maneno haya: unywele, gamba, hadubini. Kwaherini.