Ubunifu Ulioanzia Gesti: Wafanyabiashara Wahamiaji na Vituo Vyetu vya Ubunifu



Ubunifu ukitajwa Nairobi, wengi wetu huanzia mwaka 2010, kituo cha ubunifu cha iHub kilipofunguliwa Barabara ya Ngong. Naomba turudi nyuma zaidi, hadi mtaa wa Eastleigh, kwenye gesti iliyoitwa Garissa Lodge. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wakimbizi waliopanga vyumba pale walianza kuuza nguo humo humo: mchana kitanda ni meza ya bidhaa, usiku kinalaliwa. Wateja walipozidi, gesti ikageuka soko. Jengo moja likagawanywa vibanda vingi vidogo, kila kimoja na mwenyewe. Leo katikati ya jiji mtindo huo tunauita eksibisheni, na wengi wanaojipatia riziki humo hawana nasaba yoyote na Somalia.

Wakimbizi wale hawakufundishwa na mtu kuandika mpango wa biashara. Mtaji ulitoka kwa jamaa walioko Ghuba, Ulaya na Marekani, ukapita kwenye hawala, au ukachangwa kwa zamu katika ayuto, ambayo ni ndugu wa chama chetu. Mzigo ulitoka Dubai. Tena tusiwaite wote wageni: Wasomali walikuwako Eastleigh tangu ukoloni, nao ni raia. Mgeni alipata mwenyeji wa kumdhamini. Vituo vyetu vya ubunifu vina intaneti ya kasi na kahawa nzuri. Mdhamini ndiye hakuna.

Pamoja na hayo, biashara hiyo ni rahisi kutikisika. Aprili 2014, msako wa polisi ulipowapeleka maelfu ya watu uwanja wa Kasarani, Eastleigh nzima iliingiwa na hofu, na mtaji wenye hofu haukai.

Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992, nayo ina kisa chake. Shirika la IFC, tawi la Benki ya Dunia, lilipochapisha utafiti wake mwaka 2018, lilikuta huko biashara zaidi ya 2,000. Wateja wapo, ujuzi upo. Kinachokwamisha ni makaratasi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi na biashara, lakini haki hiyo hupitia dirishani: kitambulisho, PIN ya kodi ya KRA, laini ya simu yenye jina lake, kibali cha kutoka kambini. Asiye na laini hana M-Pesa. Na anayemwalika kijana wa Kalobeyei, makazi ya wakimbizi jirani na Kakuma, kwenye mashindano ya wabunifu Nairobi bila kumfuatilia kibali, amealika kiti kitupu.

Kwa hiyo nawaomba wasimamizi wa vituo mliopo hapa: kabla ya kuandika ombi jingine la fedha za mafunzo, ajirini mtu mmoja wa kuhangaikia makaratasi hayo. Na mfanyabiashara wa Eastleigh mkimwalika, mpeni nafasi ya mwalimu.