Zamu ya Kurudisha

Leo tuongee juu ya likelemba.

Tuseme mama kumi wanaouza mchele na mawese sokoni wamepatana: kila juma, kila mmoja anatoa franka 5,000. Mwenye zamu anabeba 50,000. Juma la kumi likiisha, wote wamepata. Hakuna riba, hakuna rehani. Kuna neno la mtu tu.

Sasa tazameni vizuri. Anayepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake tisa. Wa mwisho amewawekesha akiba yake. Basi likelemba inapimwa kwa yule wa kwanza, kuanzia juma la pili, wakati ameshanunua mchele wake na haja imekwisha. Asipotoa, mwenzake anabeba 45,000, na gunia alilolitaka linabaki kwa mwenye depo.

Mimi naona zamu ya kwanza apewe mwenye shida ya kweli: mgonjwa nyumbani, ama mtoto aliyefukuzwa masomoni kwa deni. Naye akikwama, aje aseme mapema, kabla ya siku ya kutoa. Kujificha kunaumiza kuliko deni lenyewe.

Tena, haturudishi franka peke yake. Aliyekuazima kinga yake, yaani baiskeli, upeleke mzigo Kindu, mrudishie tairi likiwa zima. Na jirani aliyekuletea kuni na maji kwenye matanga, siku akifiwa yeye, usingoje kuitwa.