Kitambaa kinabeba siku za mama: maneno kwa mkutano mkuu

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanamemba huko Baraka, na timu yetu ya kazi ya uwanjani. Wengi waliomba yaandikwe ili nao wasiofika wayasome.

 

Kikundi cha shindano kimeleta ombi mbele ya mkutano huu. Wamama wanataka kwenda Uvira kwa maonyesho ya tarehe 8 Machi, kuuza vitambaa vya meza, foronya na mifuko waliyoshona. Wanaomba makuta ya meza na ya safari yatoke kwa sanduku la msaada wa pamoja. Kamati ilituuliza, sisi tunaowasindikiza: ninyi mnaona namna gani? Leo tunajibu. Lakini kwanza tuseme ukweli juu ya safari ya mwaka jana, juu makosa mengine yalikuwa yetu.

Kazi hii ya shindano hatukuianza hapa. Vita vya 1996 vilipotuvusha ziwa, wengi wetu tulifika Nyarugusu mikono mitupu. Shamba hakuna, soko la mbali kibali. Lakini shindano na uzi vinaingia ndani ya kikwembe, havihitaji ekari. Kule wamama walijifunza kudarizi, ile tunaita broderi, na kufuma krosheti. Shuka moja la maua liliweza kugeuka mafuta, chumvi na sabuni ya mwezi. Na meli za kurudisha watu zilipoanza kuvuka kutoka Kigoma kuja Baraka mwaka 2005, kuna waliopanda na watoto, masufuria, na mfuko wa nyuzi. Tulipofika, wengine walikuta nyumba imeanguka, wengine shamba liko na mtu mwingine. Shindano halikungoja kesi iishe. Kwa hiyo tunaposema juu ya kazi hii, hatuidharau.

Sasa tuje kwa mwaka jana. Sisi ndio tulisukuma wamama waende. Walibeba vitambaa vya meza 30. Viliuzwa 19, kila kimoja dola 8, isipokuwa kimoja ambacho tutakisema. Walirudi wakiimba, sisi tukapiga picha, na kwa ripoti tukaandika: vitambaa 19 viliuzwa. Haikuwa uongo. Lakini haikuwa ukweli wote. Tulipokaa kwa biro na kaye na biki, furaha ilipungua.

Tuhesabu pamoja, polepole. Kitambaa cheupe cha meza moja: dola 4. Uzi, vifundo sita: dola 3. Sabuni, na makaa ya pasi: nusu dola. Jumla dola 7 na nusu. Ukiuza dola 8, mama anabaki na nusu dola. Na kitambaa kile alikishona siku tano, kila siku kuanzia saa nane mpaka giza. Nusu dola kwa siku tano! Hata anayelima shamba la mtu hawezi kukubali.

Hatujamaliza. Meza ya maonyesho ililipwa dola 20. Usafiri wa wamama wawili, kwenda na kurudi, dola 40. Chakula na kulala, dola 15. Hiyo ni 75. Ukiigawa kwa vitambaa 19, kila kimoja kilibeba karibu dola 4 za safari. Maana yake, kila mara mnunuzi alisema "aksanti" na kuondoka na kitambaa, sisi tulimwongezea zaidi ya dola 3 ndani ya mfuko wake. Na vile 11 vilivyorudi bado viko kwa depo, makuta yamelala ndani yake.

Mtauliza: mbona hakuna aliyeona hasara? Juu uzi na kitambaa vilitoka kwa wafadhili. Kitu cha kupewa hakuna anayekiandika. Dola 8 zilionekana zote ni faida, wamama wakalipa minervali, tukapiga makofi. Leo ule uzi umeisha. Kifundo kinachofuata tutakinunua wenyewe. Wazee wetu walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tulikuwa na daftari, lakini liliandika vilivyouzwa tu, halikuandika vilivyotumika.

Sasa kile kitambaa kimoja. Siku ya pili, mnunuzi mmoja alishika kitambaa cha ndege na majani, akasema dola 7. Mama aliyekishona hakubishana. Alikigeuza, akamwonyesha upande wa nyuma, safi kama mbele, hakuna fundo linaloning'inia. Akasema: "Hii ni siku zangu sita." Mnunuzi alinyamaza, kisha akalipa 15. Sisi tulikuwa hapo, tulisikia. Wamama wengine kwa meza ileile walikuwa wakishusha bei kila mtu akikunja uso. Mama yule hakuwa na elimu kubwa kutushinda sisi wenye diploma. Alijua tu kitu ambacho sisi hatukuandika popote: kitambaa kinabeba siku za mama, na siku zina bei.

Kwa hiyo, jibu letu kwa ombi ni hili. Kwenda Uvira, ndiyo. Makuta ya sanduku la msaada, hapana.

Tusikasirikiane. Tunajua ni maneno magumu kwa wamama ambao wameshona miezi. Lakini mnajua sanduku lile ni la nini. Ni la mama anayepasuliwa wakati wa kuzaa usiku. Ni la mbao za jeneza. Ni la mtoto mwenye kipindupindu. Ugonjwa haungoji maonyesho yaishe. Kama dola 75 ziko kwa meza Uvira na mtu analala hospitali Baraka, tutamwambia nini? Ngoja tuuze foronya? Biashara inaweza kupata hasara, ndiyo tabia yake. Msaada wa mgonjwa hauna ruhusa ya kupata hasara.

Basi safari italipwa na nini? Tunapendekeza sanduku dogo la pili, la kikundi cha shindano peke yake. Kila mwanakikundi anaweka kidogo kila juma, kama mnavyofanya kwa likirimba. Anayebaki nyumbani ana sehemu sawa na anayesafiri. Likipatikana nusu ya makuta, waende wawili na mzigo mdogo. Lisipopatikana, mwaka huu wauze hapahapa Baraka, waende mwaka ujao. Si aibu.

Kabla ya kwenda, kuna mambo ambayo tunaomba wamama wafanye, na sisi tutakaa nao kila Alhamisi kuyafanya.

Kila kazi iwe na karatasi yake ndani ya kaye: kitambaa bei gani, uzi vifundo vingapi, siku ngapi. Asiyejua kuandika atachora mistari, mstari mmoja siku moja. Tutasoma pamoja.

Bei ikatwe nyumbani, isikatwe kwa meza. Kila kitu kiwe na bei mbili: ya kuanza kupatana, na ya mwisho ambayo hakuna anayeruhusiwa kushuka chini yake, hata mnunuzi awe mkubwa namna gani. Bei ya mwisho ihesabu vitu, siku, na sehemu ya safari.

Vitu vikubwa viwe vichache, vidogo viwe vingi. Mgeni anayerudi kwake kwa moto au kwa boti hawezi kubeba kitambaa cha meza ya watu kumi, lakini pochi ya kikwembe au leso yenye ua moja inaingia mfukoni. Kitu kidogo kinakula siku moja, si tano, na hasara yake ni ndogo.

Fua kwanza, uza kisha. Uzi mwekundu wa bei rahisi unatoa rangi, unaharibu cheupe chote. Jaribu kifundo kwa maji ya moto na kipande cheupe kabla ya kuanza. Na usitupe karatasi ya kifundo: ina namba ya rangi. Uzi kama wa DMC una mita 8 na nyuzi ndogo sita zilizosokotwa pamoja. Ukizitenganisha na kushona kwa mbili au tatu, ua linakuwa laini, na kifundo kinafika mbali. Rangi ikiisha katikati ya ua, ni ile namba itakayokuokoa.

Na foronya ziwe mbili zinazolingana. Ikizidi moja kwa vidole vitatu, mnunuzi anaona kabla yako.

Wafadhili wapendwa, hapa tunasema nanyi. Mmetusaidia sana, hatusahau. Lakini tunaomba mtusaidie kwa namna nyingine. Msinunue kwa huruma. Anayenunua kwa huruma hununua mara moja, kisha kitambaa kinalala ndani ya sanduku lake, na sisi tunafikiri tuna soko, kumbe hatuna. Agizeni. Semeni ukubwa, rangi, siku ya kupeleka, na mlipe nusu mbele ili mama anunue vifaa bila deni. Kikija kibaya, semeni ni kibaya, tutajifunza. Na kabla ya kutuma nyuzi, mtuulize, juu rangi isiyopatikana soko la Baraka ikiisha, kazi yote inasimama.

Na ripoti yetu inayofuata itaonyesha pande zote mbili: makuta yaliyoingia, na makuta yaliyotoka. Ikiwa ni hasara, mtaisoma kama hasara.

Wanamemba, kura ni yenu, si yetu. Sisi tumesema tunavyoona. Lakini kabla ya kuinua mkono, tunaomba kila mmoja awaze mambo mawili: usiku ule alipolihitaji sanduku la msaada, na siku sita za mama aliyegeuza kitambaa chake bila kuogopa. Vyote viwili ni mali yetu. Tusiuze kimoja kwa ajili ya kingine.