Jeni Fiche: Kwa Nini Wazazi Wazima Huzaa Mtoto Mwenye Selimundu

Mada kwa wanafunzi wa Biolojia wa kidato cha nne, Igamba, Mbozi

Mtoto akigundulika kuwa na selimundu, pande zote mbili za ukoo husema jambo moja: "Kwetu hakuna ugonjwa huo." Mara nyingi wanasema kweli. Hawajawahi kumwona mgonjwa. Lakini kutomwona mgonjwa si ushahidi kwamba jeni haipo, na mada yangu imesimama hapo.

Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni ya himoglobini, iliyo kwenye kromosomu ya 11: moja ya baba, moja ya mama. Katika selimundu, badiliko dogo mno la jeni huondoa asidi ya glutamiki kwenye protini na kuweka valini. Chembe nyekundu za damu zikikosa oksijeni hujikunja mithili ya mundu, huziba mishipa midogo na hufa mapema. Mwenye nakala mbili zenye kasoro (SS) anaumwa. Mwenye moja (AS) ni mbeba vinasaba, na kwa kawaida analima, anacheza mpira na kuzeeka bila kujijua.

AS wawili wakioana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS, 2 kati ya 4 ya kuwa AS, na 1 kati ya 4 ya kuwa AA, yaani mwenye nakala mbili zisizo na kasoro. Nasisitiza: kila mimba. Wengi wenu mnachora jedwali la Punnett vizuri, kisha mnaandika kwamba baada ya watoto watatu wazima wa nne lazima augue. Sarafu iliyorushwa haikumbuki ilivyoangukia jana. Na tazameni S mbili zilikotoka: moja kwa baba, moja kwa mama. Kumlaumu mke peke yake ni kushindwa hesabu.

Urithi huu ulithibitishwa mwaka 1949 na watu wawili, kila mmoja kivyake: James Neel huko Marekani, na daktari E. A. Beet aliyefanya kazi kwa jirani zetu, Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, akaonyesha kwamba AS wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana aliwakuta wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria nyingi, na wachache nyanda za juu. Tusijivunie miinuko ya Mbozi, hata hivyo. Mji wa mpakani wa Tunduma hupokea watu kutoka kila upande, wanaoana, na jeni husafiri nao. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 hivi wenye selimundu kila mwaka.

Ualbino nao hurithiwa kwa njia hiyohiyo ya jeni fiche, yaani jeni isiyojionyesha mpaka nakala zote mbili ziwe na kasoro. Si ugonjwa wa kuambukiza wala laana; ni upungufu wa melanini, unaohitaji kofia, nguo ndefu na mafuta ya kukinga jua. Inakadiriwa mtu 1 kati ya 1,400 nchini anao. Tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa mbili: unapata mbeba 1 kati ya watu 19 hivi. Darasa la wanafunzi 40 linaweza kuwa nao wawili, wenye ngozi nyeusi kabisa. Waliowawinda watu wenye ualbino kwa ajili ya ushirikina huenda nao walibeba jeni hiyohiyo.

Hemofilia na upofu wa rangi ni habari nyingine. Jeni zake ziko kwenye kromosomu X, hivyo wavulana huathirika zaidi, na baba hawezi kumrithisha mwanawe wa kiume kwa sababu humpa Y. Swali hilo hupenda kuja kwenye mtihani. Kwa jeni tawala, kinyume cha jeni fiche, nakala moja tu inatosha kuleta ugonjwa, kwa hiyo kwa kawaida mzazi mmoja naye anao.

Kipimo cha aina ya himoglobini huonyesha kama mtu ni AA, AS au SS. Siku ya kupanga ndoa ikifika, nendeni wote wawili mkapime, kabla ya mahari.